Ukumbi wa heshima wa dansi la Kiswahili: viti vitatu vya kwanza, nani akae?

Mtaa wa Santuri

Wakuu, tuseme ukumbi unafunguliwa na viti vya mwanzo ni vitatu tu. Mezani wapo Salum Abdallah, Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajabu, Muhidin Gurumo na Remmy Ongala. Sharti la kwanza: iwe imepita miaka 25 tangu atoe rekodi yake ya kwanza, kama wanavyofanya Wamarekani kwenye ukumbi wao wa roki. Sharti la pili: tupime kazi. "Wimbo huu ulipigwa harusini kwetu" si hoja.

Naanza na Mbaraka. Alitunga, akaimba, akapiga gitaa la solo yeye mwenyewe, na akaongoza bendi mbili kubwa: Morogoro Jazz, kisha Super Volcano kuanzia 1973. Marijani na Gurumo walikuwa watu wa sauti; solo walipigiwa na wengine.

Kibao cha Pili

Mbaraka sina ugomvi naye, ila wengi wanampima kwa nusu wimbo. Sahani ndogo za miaka ya 70 zilizotoka Nairobi zilikata wimbo vipande viwili. Upande wa kwanza una beti, upande wa pili una chemko, yaani sehemu ya kucheza magitaa yanaposhika moto, na solo yenyewe iko humo. Waliozihamishia mtandaoni mara nyingi wameweka upande wa kwanza tu. Dalili yake ni rahisi: mwimbaji amemaliza beti, gitaa ndiyo kwanza linashika moto, halafu sauti inafifia kwenye dakika ya nne hivi. Ukisikia hivyo, tafuta "sehemu ya 2" kabla hujatoa maksi.

Kanda za RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam) hazina shida hiyo. Zilirekodiwa kwa ajili ya kurushwa hewani, hivyo hakukuwa na haja ya kukata wimbo utoshe kwenye sahani. Bendi nzima iliingia studio na kupiga kwa pamoja, kwa hiyo pale unasikia bendi ilivyokuwa kweli, pamoja na tarumbeta zinazochelewa kuingia.

Mzaramo wa Ilala

Mtaa wa Santuri, kwa kipimo chako cha "alifanya vyote mwenyewe" umemfunga Gurumo kabla mechi haijaanza. Bendi nyingi za Dar zilikuwa za mashirika: NUTA ya chama cha wafanyakazi, Urafiki ya kiwanda cha nguo, BIMA ya shirika la bima, Mlimani Park ikaja kuwa ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Vyombo mali ya mwajiri, jina mali ya mwajiri. Mwanamuziki akihama anaondoka na koo lake tu. Sasa mtazame Gurumo: NUTA 1964, Mlimani Park 1978, OSS (Orchestra Safari Sound) 1985, kisha akarudi Msondo, ndiyo NUTA ya zamani. Kila alipotua, bendi ilisimama imara. Mtu anayeweza kujenga upya bila hata gitaa la kwake anastahili kiti.

Ila na mimi nina sharti. Pale Mlimani Park, maarufu Sikinde, mtunzi alileta maneno na sauti ya wimbo. Magitaa na mapulizo (tarumbeta na saksafoni) yalipangwa na bendi, chini ya kiongozi wake Michael Enoch. Ukimweka Gurumo ukutani bila Enoch, umeweka nusu ya kazi.

Nyali Kuu

Ndugu zetu wa Bongo, mbona meza haina Wanyika? Wilson Peter na George Peter Kinyonga walitoka Tanga, wakapitia Jamhuri Jazz, na mwaka 1971 wakaanzisha Simba Wanyika hapa Kenya. Mwaka 1978 kundi likapasuka, wakazaliwa Les Wanyika na "Sina Makosa".

Usikilize ule wimbo kwa spika inayotoa besi, si kwa simu. Gitaa la rithim la Omar Shabani halibadiliki karibu wimbo mzima, na besi ya Tom Malanga haimfuati. Inaingia kwenye mapengo anayoacha. Hakuna mapulizo ya kuficha makosa. Ukitoa kimoja kati ya hivyo viwili, wimbo umekwisha. Ndiyo maana nasema kiti kiwe cha bendi. Kwa Les Wanyika hutapata mtu mmoja wa kuchonga sanamu.

Na huyo Mbaraka pia ni wetu kidogo. Sahani zake nyingi zilitoka Nairobi kwa lebo ya Polydor, na ajali iliyomuua Januari 1979 ilitokea hapa Mombasa.

Mtaa wa Santuri

Hoja ya bendi naikubali. Lakini angalieni hesabu ya kura. Salum Abdallah na Mbaraka wote ni wa Morogoro. Mpiga kura mwenye chaguo tatu hataki kuweka mbili mji mmoja, hivyo atamchagua Mbaraka anayemfahamu zaidi, na Salum, mzee wa bendi ya Cuban Marimba, aliyefariki 1965, anabaki nje kila mwaka. Si kwa sababu kazi ni ndogo. Waliomwona jukwaani wamekwisha.

Dawa ipo. Wamarekani wa ukumbi wa roki, ule wa Cleveland, hawakuwaacha waasisi washindane na vijana: mwaka 1986, kundi la kwanza kabisa, Robert Johnson aliyefariki 1938 aliingia kwa mlango wa waasisi, akichaguliwa na kamati bila kura ya wengi. Tufungue mlango huo, Salum aingie, viti vitatu vibaki kwa wengine.

Bibi Mwana wa Tanga

Mkifungua mlango wa waasisi, wa kwanza kuingia ni Siti binti Saad. Alirekodi Bombay mwaka 1928, kabla ya wengi waliotajwa humu kuzaliwa.

Mzaramo wa Ilala

Siti ni taarab, dada. Ukumbi ni wa dansi.

Bibi Mwana wa Tanga

Mpaka huo ulishavunjwa Tanga, kaka yangu. Black Star na Lucky Star waliingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarab. Na Siti simtetei kwa mtindo. Sahani zake ndizo zilizowaonyesha wenye kampuni kwamba wimbo wa Kiswahili unauzika. Bila soko hilo, hao wa Morogoro wangerekodiwa na nani?

Kibao cha Pili

Kwa hoja ya soko, aingie. Remmy amesahaulika humu. Alizaliwa Kindu, Kongo, na kuna watakaosema si wa kwetu. Lakini nyimbo zake za Kiswahili, akiwa na Super Matimila, zilitungwa na kupigwa Dar. Tahadhari moja: mkitumia idadi ya kupigwa redioni kama kipimo, mnamwonea. "Mambo kwa Soksi" ilizungumzia kondomu na RTD haikuipiga. Kwake tumieni rekodi zilizotoka nje, kama ile ya lebo ya Real World ya Uingereza ya 1989.

Marijani nampa nafasi ya nne. Kwa kusimulia kisa ndani ya wimbo hana mpinzani, "Zuwena" inatosha kuwa ushahidi. Ila bendi yake, Dar International, ukiisikiliza chemko kwa chemko, haimfikii Super Volcano.

Mzaramo wa Ilala

Nafasi ya nne kwa Marijani, Jabali la Muziki? Hapo tutakesha.

Nyali Kuu

Kesheni. Kura yangu: Mbaraka, Les Wanyika kama bendi, Gurumo. Na kibao cha Gurumo cha ukutani kiandikwe majina mawili, la pili Michael Enoch, kwa herufi za ukubwa uleule.