Baba wa Vifaranga Ni Nani? Kikundi cha Familia

Tatu: Shikamooni wote. Mjomba Hamisi uko hewani? Nimeinua jiwe kwenye tangi la samaki nikakuta vifaranga. Vingi! Vimejibana kwenye nyufa

Tatu: [picha]

Tatu: [picha]

Shangazi Mwanaidi: Mashallah. Mimi naona kokoto tu lakini hongera

Kassim: Vuta picha shangazi, vile vidoa vyenye macho

Shangazi Mwanaidi: Ooh. Nimeviona. Maskini vidogo hivyo

Mjomba Hamisi: Marahaba Tatu. Mama ni yupi?

Tatu: Yule zebra wa rangi ya chungwa. Si niliwaambia anaumwa? Alikuwa hali, koo limevimba, kila saa anatafunatafuna na mdomoni hamna kitu. Nilikuwa naulizia dawa

Mjomba Hamisi: Bora hukumpa dawa. Alikuwa amebeba. Hawa wa Ziwa Nyasa mama hutunza mayai mdomoni, wiki tatu hivi, hali au anadonoa kidogo sana. Huko kutafuna ni kuyageuzageuza mayai yapate hewa. Akija kuwatema wameshamaliza kiini chao, wana kama sentimita moja, wanajitafutia wenyewe.

Bibi: Wiki tatu bila kula? Huyo ni mama kweli kweli

Tatu: Sasa mjomba swali langu ndilo hili. Sina dume la zebra. Majike wawili tu. Baba katoka wapi?

Shangazi Mwanaidi: 👀

Kassim: Labda alikuja na mayai hayo kutoka dukani

Tatu: Yuko hapa tangu mwaka jana Kassim

Kassim: Basi yule jike wa pili ni dume aliyejificha. Nilisoma dume mnyonge huwa anabaki na rangi ya kike ili asipigwe

Mjomba Hamisi: Kassim leo umesema jambo. Hilo lipo. Lakini kwa zebra mwekundu (Metriaclima estherae) rangi inadanganya, kuna madume ya chungwa na kuna ya bluu iliyopauka. Hata vile vidoa vya manjano kwenye pezi la chini, majike wengine wanavyo. Njia ya uhakika ni kumshika umtazame chini ya tumbo: jike tundu la kutolea mayai ni kubwa kuliko la haja, dume yanakaribiana.

Mjomba Hamisi: Tatu, nani mwingine mkubwa humo ndani? Dume.

Tatu: Labi wa njano. Yule mwenye mstari mweusi pezi la mgongoni. Siku hizi kashika pango la kushoto anamfukuza kila mtu

Mjomba Hamisi: Na ana majike wa aina yake?

Tatu: Hana. Yuko peke yake

Mjomba Hamisi: Basi.

Shangazi Mwanaidi: BASI NINI hamisi sema

Zuhura: 😂😂😂 shangazi

Mjomba Hamisi: Labi, Labidochromis caeruleus, na zebra mwekundu ni mchanganyiko maarufu kabisa kwa wafugaji. Wote ni mbuna, yaani samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, wote wanazaa kwa mtindo mmoja. Wanazunguka pamoja, jike anataga, anageuka hapo hapo anayaokota mayai mdomoni. Dume analaza pezi lenye vile vidoa, vinafanana na mayai, jike anavidonoa, anavuta mbegu za dume, mayai yanarutubishwa humo humo mdomoni. Dume asiye na mwenzake hachagui. Na jike asiye na dume wa kwao mwisho anakubali aliyepo.

Shangazi Mwanaidi: Kitanda hakizai haramu. Tangi nalo halizai haramu. Waleeni

Bibi: Amina

Kassim: Kwa hiyo hao ni chotara. Watakuwa tasa, kama nyumbu wa punda na farasi?

Mjomba Hamisi: Hapana, na hapo ndipo shida ilipo. Aina hizi zimeachana juzi tu kwa hesabu ya viumbe, kwa hiyo chotara wao anazaa vizuri tu. Kizazi cha kwanza mara nyingi hufanana fanana, njano iliyofifia au chungwa iliyopauka, mstari mweusi wa mgongoni umechafuka. Wakizaana wenyewe kwa wenyewe ndio utaona kila sura.

Tatu: Lakini huko ziwani si wanaishi pamoja? Mbona hawachanganyikani ovyo?

Mjomba Hamisi: Huko jike ana pa kuchagua. Ziwa Nyasa lina aina mamia kwa mamia za samaki hawa, na jike anamjua wa kwao kwa rangi, kwa harufu, hata kwa mlio. Tena mbuna wengi hawaendi mbali na miamba yao.

Ziwa Victoria ndio kuna kisa chenyewe. Kuna aina mbili za furu, samaki wadogo jamaa ya hawa, Pundamilia pundamilia dume lake la bluu, na Pundamilia nyererei dume lake jekundu mgongoni, huyo alipewa jina la Mwalimu Nyerere. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walichapisha mwaka 1997 kwamba penye maji safi rangi ni kali na aina ni nyingi, penye maji machafu ya mwani rangi zinafifia na aina zinapungua, wanachanganyikana. Kwenye matangi ya maabara nako, majike walichagua madume wa kwao chini ya taa nyeupe. Ilipowekwa taa ya rangi moja, uchaguzi ukapotea.

Zuhura: Tatu na ile taa yako ya bluu kama ukumbi wa harusi 😂

Tatu: Jamani inapendeza!!

Mjomba Hamisi: Taa haikusaidia lakini usiisingizie. Sababu kubwa ni dume mmoja bila mke wa kwao.

Kassim: Mimi nadhani sangara ndiye aliyemaliza furu wote Victoria

Mjomba Hamisi: Sangara alikula wengi mno, kweli. Nazungumzia waliobaki.

Zuhura: Mjomba mimi nipinge kidogo. Mwaka 2017 ulitoka utafiti kwenye Nature Communications, kwamba furu wa Victoria wenyewe wametokana na uchotara wa zamani, ukoo mmoja wa upande wa Kongo na mwingine wa Nile ya juu. Ndio maana wakapata rangi na maumbo mengi haraka hivyo. Sasa ubaya wa chotara uko wapi?

Mjomba Hamisi: Ni kweli, na naupenda sana ule utafiti. Chotara si mgonjwa wala si mbaya. Ila ziwa lilikuwa na maelfu ya miaka na kila pembe ya kuishi, wasiofaa wakafa. Tangi la Tatu lina mawe matano na kichujio. Ubaya unaanza mtu akimpa mwenzake akisema "huyu ni labi". Mwenzake anamzalisha, anagawa, na baada ya vizazi vichache hakuna anayejua labi halisi ni yupi. Hawa wakiwa wadogo wanafanana na labi wa kawaida vya kutosha kumdanganya hata mzoefu.

Kassim: Eee

Kassim: Mimi nimeshaandika kule kwa wafugaji. "Labi wadogo, bure, njoo uchukue"

Tatu: KASSIM

Shangazi Mwanaidi: Mtoto huyu mbio zake!

Bibi: Si mkawaachie mtoni wakaishi kwa raha zao

Mjomba Hamisi: Hapana mama, samahani. Mtoni au ziwani hapana kabisa. Samaki wa tangi akishika huko hatoki tena, anawasonga wenyeji au anachanganyikana nao, na magonjwa ya tangini anayabeba.

Bibi: Haya mwanangu nimeelewa

Tatu: Basi nifanyeje? Siwezi kuwaua

Mjomba Hamisi: Hakuna aliyesema uwaue. Ukiwaacha humo wakubwa watawameza wengi, hilo ndilo jibu la tangi lenyewe. Ukitaka kuwalea, watoe kwenye tangi dogo, chakula kilichosagwa unga kabisa au viluwiluwi vya kamba wa chumvi, mara kadhaa kwa siku kidogo kidogo. Badilisha maji usichoke. Mama naye mtenge siku chache ale apate nguvu kabla dume hajamrudia. Na huyo dume mtafutie majike wa kwake, watatu au wanne, mmoja atamchosha. Majike wa kwake wakiwepo hamu ya jirani inapungua, ingawa haiishi.

Shangazi Mwanaidi: "Hamu ya jirani" 🙈 Hamisi kuna watoto humu

Zuhura: Watoto ndio hao kwenye jiwe

Tatu: Mimi nitabaki nao wachache, naona wana sura. Wengine wapewe mtu anayejua ni chotara na hatawazalisha. Kassim rekebisha lile tangazo SASA HIVI

Kassim: Nimeshafuta. Nimeandika hivi: "Vifaranga chotara. Mama zebra mwekundu, baba labi wa njano. Ni wa kutazama tu, si wa kuzalisha, na usimuuzie mtu kwa jina la labi." Sawa mjomba?

Mjomba Hamisi: Sawasawa.

Shangazi Mwanaidi: Na picha ya baba iwekwe. Asijifanye hakuwepo