Kuh: Kazi ya shule ya mtoto, "mtaa wetu baada ya vita"

Ndugu zangu,

Nimesoma swali la dada yetu wa Leeds, ambaye mwanawe ameagizwa na mwalimu awaulize wazazi kuhusu mtaa waliokulia baada ya vita, naye anahofia kwamba shule inakusudia vita vilivyokwisha mwaka 1945 na kwamba sisi hatuna la kusema. Dada, tunalo. Nilikuwa na miaka saba majeshi yetu ya Tanzania yalipoiteka Kampala, tarehe 11 Aprili 1979, katika Vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin wa Uganda, na nilikulia Keko, Dar es Salaam, katika nyumba ya vyumba sita ambamo kila chumba kilikuwa na familia yake, wengi wakiwa watu wa bandarini na wa viwanda vya Barabara ya Pugu.

Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Kwetu mikanda haikulegea hadi mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na miaka hiyo ya katikati ndiyo utoto wangu wote. Sukari na sabuni ziligawiwa kwa orodha ya mjumbe wa nyumba kumi. Mama aliniamsha kabla ya adhana ya alfajiri nikaweke jiwe letu kwenye foleni ya duka, kisha nikienda shule, jirani wa chumba cha nne alilisogeza pamoja na lake. Tulipiga mswaki kwa mkaa na chumvi, tukafua kwa majani ya mpapai, tukala ugali wa unga wa njano wa msaada ambao watu waliuita unga wa Yanga, na mpaka leo nikiona unga wa rangi ile katika maduka ya huku, harufu yake hunijia kabla sijaufungua.

Ushauri wangu ni kwamba mtoto ampigie bibi yake simu, wala asimwulize "ilikuwaje", kwa sababu mimi nilipouliza hivyo nilijibiwa neno moja tu: "Tulihangaika." Aulize vitu vya kushikika: foleni ilianzia wapi, nani alikaa chumba kipi, maji yalitekwa wapi. Arekodi sauti kwa idhini ya bibi, kisha ninyi mkae naye kutafsiri, maana Kiswahili cha wazee wetu kina maneno ambayo watoto wa huku hawajawahi kuyasikia.

Nilipomwuliza mama habari za lile jiwe, alizungumza kwa saa nzima, na hapo ndipo nilipojua jambo ambalo nyumba nzima ilitufichia sisi watoto. Kijana wa chumba cha pili alikwenda vitani na mgambo, hakurudi. Mama yake aliendelea kulitaja jina lake kila mgao ulipofika, na mjumbe, ambaye alijua, hakulifuta katika orodha. Kwa miaka miwili alimpimia sukari ya watu wanne.