Naombeni ushauri: "descamisados" wa Perón tuwaiteje kwa Kiswahili?

kalamu_tatu
Wakuu, habari za kazi. Kuna makala ndefu ya historia ya Argentina inatafsiriwa, na jina la wafuasi kindakindaki wa Juan Domingo Perón, aliyekuwa rais wa nchi hiyo, descamisados, linajirudia karibu kila ukurasa. Kamusi inasema "wasio na shati". Rasimu ikaandika "vifua wazi", mhariri kaikataa. Nilitafsiri au niliache lilivyo? "Walalahoi" halitoshi? Nawasilisha.

fundi_nahau
Mhariri yuko sahihi. Tazama picha za Oktoba 17, 1945, siku wafanyakazi walipomiminika Plaza de Mayo, Buenos Aires, kudai Perón aachiliwe kutoka kizuizini. Mashati wamevaa! Kuna ile maarufu ya watu waliokaa ukingoni mwa chemchemi ya uwanja, miguu majini. Kilichokosekana ni koti na tai. Katikati ya jiji lile mwanamume "mwenye heshima zake" hakutoka bila koti, na kejeli ya wapinzani ilianzia hapo. "Vifua wazi" inamchorea msomaji wacheza mieleka.

Fanya hivi: neno linapotokea kwa mara ya kwanza andika "descamisados, yaani 'wasio na shati', jina la kejeli kwa makabwela walioingia mjini bila koti". Baada ya hapo descamisados peke yake, bila maelezo. Ukirudia maelezo kila ukurasa utamchosha msomaji.

Halafu usidanganywe na ufanano wa camisa (shati kwa Kihispania) na "kamisi". Kamisi yetu ni shimizi. Utawavua wanaume wa watu heshima.

bi_sarufi
Walalahoi ni neno tamu, ila hapa linapotosha. Mlalahoi ni hali ya mfuko tu, descamisado ni mfuko pamoja na upande wa siasa. Maskini asiyemtaka Perón alikuwa mlalahoi, hakuwa descamisado. Kwa hiyo "walalahoi walimpa Perón urais Februari 1946" ni dai la kitabaka ambalo huenda mwandishi hakulitoa. "Wanyonge" ndiyo mbaya zaidi: mnyonge huonewa huruma, hawa walilivaa jina kwa majivuno.

Kwenye sarufi, wengi huteleza kwa "madescamisados". Hiyo -s ya mwisho ni wingi tayari, ma- ya nini tena? Mmoja ni descamisado, akiwa mwanamke descamisada. Upatanisho ni wa A-WA: descamisado huyu aliimba, descamisados walijaa uwanjani.

mzungumzo
Naongeza jambo moja ambalo rasimu nyingi hulikosa: angalia nani anasema. Kinywani mwa mpinzani ni tusi, hivyo acha sentensi ibebe dharau: "genge la wasio na shati". Perón aliliokota tusi hilo akaligeuza cheo, kama sans-culottes, makabwela wa Mapinduzi ya Ufaransa, walivyojivunia jina lao. Kinywani mwa Eva Perón, mkewe, ni mahaba kabisa, "descamisados wangu".

Ukikutana na grasitas, nalo ni la Eva, kuwa makini. Mzizi ni grasa, mafuta au grisi, na grasa alikuwa mtu "mshamba" machoni pa wenye nazo. Kiambishi -ita hudekeza. Sisi tukipunguza kwa ki-/vi- mara nyingi tunadharau, kwa hiyo "vijitu vyangu" itamfanya Eva awatukane watu wake mwenyewe. Upendo utoe kwenye "wangu" na "wapenzi".

Tena usiwachanganye na cabecitas negras, "vichwa vyeusi". Hilo ni tusi la rangi na asili dhidi ya waliohamia jijini kutoka mikoani. Wengi wao walikuwa wafuasi wa Perón, lakini maneno hayabadilishani nafasi. Na ukiona gorila, huyo ni mpinzani wa Perón, si mnyama.

kalamu_tatu
Shukrani sana wakuu. Na kichwa cha makala? Pale hapana nafasi ya kufafanua.

fundi_nahau
Kichwani weka "Makabwela wa Perón". Kichwa kinaruhusiwa kulegea kidogo, mradi aya ya kwanza ilete descamisados na ufafanuzi wake papo hapo. Herufi za mlazo mara ya kwanza tu, zinazofuata ziwe za kawaida. Kwenye nukuu za hotuba usiguse, neno libaki la Kihispania hata kama ndani ya makala umelitafsiri.