Je, Homer alipitiwa, au mizani ndiyo iliyotaka?

Swali

Ndugu wanajukwaa, nimeanza kusoma Iliad, utendi wa kale wa Kigiriki wa Homer kuhusu vita vya Troy, nikakwama mahali pamoja. Katika kitabu cha kwanza, Achilles, shujaa wa Wagiriki, amesusa vita na ameketi kando ya merikebu zilizovutwa nchi kavu, lakini mishororo hiyo hiyo inamwita "mwepesi wa miguu", na merikebu nazo zinaitwa za mbio. Je, Homer alipitiwa?

Jibu la kwanza

Hakupitiwa. Sifa hizo hazifuati tukio, zinafuata mizani. Mshororo wa tendi za Kigiriki hupimwa kwa silabi ndefu na fupi, si kwa vina kama tulivyozoea sisi. Manju aliyekuwa akitunga huku akiimba, akibakiwa na nafasi pana mwishoni mwa mshororo, alitia *podas okus Achilleus*, Achilles mwepesi wa miguu. Ikiwa finyu, alitia *dios Achilleus*, Achilles mtukufu, na mshororo ukatimia. Milman Parry, mtaalamu Mmarekani, alilichambua jambo hili katika tasnifu zake za mwaka 1928, kisha kati ya 1933 na 1935 akawarekodi waimbaji wa Yugoslavia waliokuwa bado wakitunga huku wakiimba. Mmoja wao, Avdo Međedović, ambaye hakujua kusoma wala kuandika, alitoa utendi mmoja wenye mishororo zaidi ya 12,000, urefu wa Odyssey hasa, utendi mwingine wa Homer.

Muulizaji

Ahsante, mwalimu. Lakini ikiwa kila manju alitunga upya kila alipoimba, tunajuaje kwamba maneno hayo ni ya kale?

Jibu la pili

Lugha yenyewe inatoa ushahidi. Katika mshororo wa saba wa Iliad, neno *te* linafuatwa na *anax*, yaani "bwana". Kwa kawaida irabu ya *te* ingemezwa na ile inayofuata, lakini hapa imesimama, kana kwamba kuna konsonanti iliyozitenga. Konsonanti hiyo ni *w*, kwani zamani neno lilikuwa *wanax*. Waionia, Wagiriki ambao lahaja yao imetawala tendi hizi, walikuwa wameshaiacha sauti hiyo, ila mizani iliendelea kuitunzia nafasi yake. Michael Ventris alipofumbua mwaka 1952 maandishi ya vibao vya udongo vya Knossos na Pylos, miji ya kale ya Ugiriki, vilivyoandikwa kabla ya mwaka 1100 K.K., neno hilo lilisomeka humo, na *w* yake mahali pake.

Jibu la tatu

Nakubali, ila tusimfute mtunzi. Vita vya miaka kumi vimebanwa katika siku hamsini hivi, na utendi unakwisha Troy ikiwa bado imesimama. Mafungu ya maneno yalikuwa mali ya mamanju wote. Uamuzi wa kuanzia kwenye hasira ya Achilles na kuishia kwenye mazishi ya Hector, shujaa wa Troy, siamini kwamba ulifanywa na kundi. Kuhusu kalamu, Wagiriki walikuwa wamekwisha kutwaa herufi kwa Wafoinike kufikia karne ya nane K.K., na si lazima manju awe ndiye aliyezishika: Međedović aliimba, mwingine akaandika.