Mjadala: Watoto wetu wa Lubumbashi, tuwalee kwa Kifaransa tu nyumbani?

Mama wa Watatu, Katuba

Ndugu zangu, naomba mawazo yenu. Mimi nafanya biashara ya Kasumbalesa. Naondoka Jumanne alfajiri na mdogo mgongoni, mara nyingine tunalala huko mpakani na Zambia. Baba yao yuko kazini upande wa Kolwezi, anarudi kila baada ya wiki mbili. Wakubwa wawili wanabaki na mama yangu, kambo wao, yaani bibi yao.

Mkubwa alipoingia maternelle, shule ya chekechea, mimi na mume wangu tuliweka sheria: ndani ya nyumba ni Kifaransa tu. Ukisema Kiswahili, unasahihishwa. Majirani walikuja kumsikiliza akihesabu mpaka ishirini, tukaona kweli jasho letu halikupotea. Wa pili amefuata njia hiyohiyo, sasa ana miaka minne.

Mwezi uliopita nililala Kasumbalesa. Saa nane usiku simu ikalia, ni mama. Yule wa pili alikuwa analia tangu saa nne na umeme umekatika. Anarudia maneno mamoja tu, ameshika upande wa kichwa. Mama akadhani ni kichwa. Akalowesha kitambaa, akamfunga kichwani, akakaza. Mtoto akazidi kupiga kelele na kukivuta, naye kambo akazidi kukirudisha, akijua anamsaidia. Nikasema, hebu mpe simu. Nikasikia: "Maman, j'ai mal à l'oreille." Nikamwambia mama, fungua hicho kitambaa, ni sikio. Alinyamaza sana. Kisha akasema: "Mwana wangu, nitalea namna gani mtoto mwenye siwezi kusikia?"

Asubuhi sikio lilitoa usaha. Limepona, namshukuru Mungu. Lakini mimi sijapona. Mume wangu anasema tusirudi nyuma, kambo ajifunze maneno machache. Ninyi mnafanyaje kwenu?

Baba wa Wawili, Kampemba

Mama, pole sana kwa usiku huo. Pamoja na hayo nakuomba usiilegeze sheria yako. Mimi nilikulia Kiswahili kitupu. Nilipofika sekondari mwalimu alinisimamisha nisome ukurasa mmoja kwa sauti, darasa likacheka matamshi yangu mpaka yeye mwenyewe akacheka. Sikuinua tena mkono mpaka namaliza shule. Hesabu nilikuwa naijua, jibu liko kichwani, nakosa la kulisema.

Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ni Kifaransa. Examen d'État, ule wa kumaliza sekondari, ni Kifaransa. Barua ya kuomba kazi, karatasi za mahakama, maandishi ya daktari, vyote Kifaransa. Nyumba napanga, shamba sina. Kifaransa ndicho urithi ninaoweza kuwaachia watoto wangu, na nitawaachia.

Mwalimu wa Mwaka wa Pili, Ruashi

Baba wa Wawili, kicheko cha darasa nakijua, nimewahi kukizima mara nyingi, na uchungu wako ni wa haki. Ila nieleze ninachokiona, maana nina miaka kumi na minne mbele ya watoto hawa wadogo.

Kifaransa cha nyumba nyingi ni Kifaransa cha amri. Viens. Mange. Laisse. Tais-toi. Dors. Siwalaumu wazazi. Mtu amesimama sokoni tangu alfajiri, ikifika saa moja jioni hayo ndiyo maneno yanayomtoka. Lakini utani, kubembeleza, kugombana na kupatana, kusimulia nani alimwambia nani nini pale kisimani, hayo yote yamebaki kwenye Kiswahili, na Kiswahili mtoto amekatazwa. Basi anafika kwangu na amri kumi na mbili. Nikimwuliza jana alifanya nini, ananijibu neno moja na kutazama chini.

Mwenzake aliyelelewa na kambo ananieleza jinsi mbuzi wa jirani alivyokula daftari lake: alipoingia, alipopitia, ukurasa gani aliuanza, nani alimkimbiza na ufagio. Mwanzo mpaka mwisho. Huyo nikimpa Kifaransa, ana mahali pa kukiweka.

Na kusoma je? Mwandikie mtoto "ndege". Akishajua silabi zake anaisoma, anacheka, anatafuta neno lingine. Mwandikie "oiseau": herufi sita, na hakuna hata moja inayosikika kama alivyofundishwa. Mtoto anayeanza na la pili bila kupitia la kwanza anadhani kusoma ni kukariri. Nimewaona wakifika mwaka wa nne wakiwa bado wanakariri.

Hili si wazo langu peke yangu. Katiba yetu ya Kongo ya 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inazitambua lugha za taifa na lugha za mazingira kuwa lugha za kufundishia. Darasani kwangu kitabu cha Kiswahili ni kimoja, changu. Na tangu shule ya msingi ya serikali iwe bure mwaka 2019 tumejaa mpaka dirishani. Maternelle haikuingizwa humo, bado mzazi analipa, na wengi mnalipa kwa sababu ya Kifaransa tu. Naelewa basi kwa nini mnataka kukisikia nyumbani, mmekinunua.

Dada wa Kenya

(Walio mbali: Kenya ni komine hapa mjini, si ile nchi.) Mnasema Kiswahili kana kwamba tulizaliwa nacho. Mji huu ulianza mwaka 1910. Watu waliletwa migodini kutoka Kasai, kutoka Ruanda-Urundi, kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, wakakutana kambini, Kiswahili kikawa cha wote. Kambo wangu alitubembeleza kwa Kiluba. Mama akaacha. Mimi sina hata wimbo mmoja mzima wa kumwimbia mwanangu, nina vipande tu, namalizia kwa mluzi. Lugha moja imeshatutoka hivyo, nyumba kwa nyumba, na hakuna aliyefungua mjadala.

Mzee wa Kamalondo

Wajukuu zangu, nilizaliwa kambini mwaka 1947. Mapadri walitufundisha kwa Kiswahili tangu herufi ya kwanza: nyimbo, hesabu, katekisimu. Kifaransa kilikuja kwa kipimo, kama posho. Waliotaka tuwe wafanyakazi wazuri hawakuona haja ya kutupa lugha waliyokuwa wanaamulia mambo yetu. Watoto wa wazungu walikuwa na shule yao, upande mwingine wa mji, na huko hakuna aliyeambiwa asubiri. Kwa hiyo, Mwalimu, nikisikia "tuanze kwa Kiswahili", mwili wangu unakumbuka. Baba wa Wawili ana haki ya kuogopa.

Lakini niwaambie na hili. Nina wajukuu Kinshasa. Wakinipigia simu tunasalimiana, "bonjour papi", nami naitikia. Kisha tunanyamaza. Nasikia tu wanavyopumua, mpaka baba yao achukue simu.

Baba wa Wawili, Kampemba

Mwalimu, jana jioni nilijisikiliza. Tangu nilipovua viatu mpaka wanangu walipolala, maneno niliyowaambia kwa Kifaransa ambayo hayakuwa amri ni "bonne nuit". Imeniuma sana, maana nilijiona baba anayezungumza na watoto wake.

Hata hivyo swali langu liko palepale. Darasa likimcheka, nani atamsimamia?

Mwalimu wa Mwaka wa Pili, Ruashi

Kwangu, ni mimi. Kwa mwalimu atakayempokea mwaka wa saba siwezi kukuahidi, ningekudanganya. Fanya hivi: kama una kitabu kimoja cha Kifaransa, kiwe cha picha, msome wote watatu kitandani, kurasa mbili zinatosha. Mkifunga kitabu, waulize kwa Kiswahili kilichotokea. Waache wakubishie. Usisahihishe mpaka wamalize kusema.

Na Mzee, asante. Sitaki kuwarudisha kambini. Nataka wafike na Kifaransa wakiwa na kitu cha kusema.

Mama wa Watatu, Katuba

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Baba yao anarudi Jumamosi, nitamsomea, hasa maneno ya Mzee, maana na yeye ana baba yake Kamina ambaye watoto hawajawahi kuzungumza naye zaidi ya salamu. Najua hatutakubaliana kwa siku moja. Ada ya maternelle nitaendelea kulipa, Kifaransa nakitaka bado.

Lakini ile sheria nimeiondoa bila kumngoja. Juzi jioni tulikuwa tumekaa nje, bukari, ugali wetu, iko juu ya mbabula ya makaa, mama akaanza kuwasimulia Kalulu, sungura mjanja, jinsi alivyotumbukia shimoni. Ni hadithi niliyoisikia magotini pake nikiwa kama wao. Mkubwa alikuwa anaelewa nusu na kumtafsiria mdogo wake nusu aliyoielewa, mengine akiongeza mwenyewe. Wa pili akalala kabla ya mwisho, lile sikio lake likiwa limelazwa kwenye paja la kambo.

Asubuhi nafunga mzigo wangu wa Kasumbalesa, nikamsikia jikoni anauliza: "Kambo, Kalulu alitoka mu shimo?"

Mama akamwambia amletee kwanza kigoda akae.

Nilikuwa nachelewa basi. Nimesimama mlangoni na mzigo kichwani mpaka Kalulu akatoka.