Wanene wenzangu wa Uganda, tupeane uzoefu: wiki zako za kwanza jimu zilikuwaje?

Kitambi_Ntinda
Habari zenu wakuu. Mimi ni mwanaume, miaka 36, kilo 118, kazi yangu ni kukaa kwenye kiti kutwa nzima, na nyuma ya ofisi kuna mama anapika matoke na mchuzi wa karanga ambao sitauacha hata mnifunge kamba. Juzi klinik presha ilisoma 150 kwa 100, daktari akasema nirudi apime tena kabla hajaamua mambo ya dawa, ila nianze kuushughulisha mwili. Nimelipia jimu moja hapa Ntinda mwezi mzima, risiti ninayo mfukoni, lakini kila jioni nikifika mlangoni nawaona makanyama (wale wa misuli mikubwa) wako mle wanajitazama kwenye kioo, nanyoosha moja kwa moja nyumbani.

Ratiba za kula msinipe, hizo zimejaa kwenye simu. Nataka aliyewahi kuwa na mwili kama wangu aseme aliingiaje, nini kilimkera, nini kilimsaidia. Hata kama uliacha sema tu kwa nini uliacha. Matusi tuyaweke pembeni.

MamaGonja
Karibu chamani kaka. Mi nilianza na kilo 104, duka langu liko Kikuubo. Aliyenipeleka jimu wala sio daktari, ni boda. Nimesimama steji ya Wandegeya jamaa ananipandisha ananishusha kwa macho, ananiambia nnyabo (mama) wewe ni nauli mbili. Steji nzima ikaangua kicheko, na mimi nikacheka, nikapanda nikalipa moja, ila usiku sikulala vizuri.

Sasa kitu ambacho hakuna anayekwambia ni nguo. Zile za mazoezi za madukani zinaishia pale mapaja yangu yanapoanzia. Nilizunguka soko la Owino mpaka nikapata suruali za kubana za mtumba, juu navaa fulana ya mume wangu. Na mapaja yakisuguana yanachubuka vibaya, kwa hiyo unapaka mafuta ya mgando KABLA hujatoka nyumbani, ukisubiri mpaka pawake moto umechelewa. Wadada, sidiria nzuri inakuja kabla ya viatu, mi nilikuwa navaa mbili moja juu ya nyingine mpaka nilipopata pesa ya ile yenyewe.

Kocha alikuwa kijana mdogo tu, akanipandisha kwenye mashine ya kukimbilia akabonyeza vidude vyake akaondoka kwenda kupiga stori. Hata wimbo mmoja haujaisha mimi moyo uko mdomoni, nimeshika vyuma vya pembeni kwa mikono miwili, nikamwita, mwanangu njoo hapa, nimezaa watoto wanne mimi, usinikimbize kama mwizi. Akashusha mwendo ukawa wa kutembea, akainua kidogo mbele kama kilima, na hapo ndio nilipoanzia. Kutembea tu. Miezi ya kwanza sikukimbia kabisa.

KochaMukono
Hapo kwa mama nakubali kabisa na naomba radhi kwa niaba ya vijana wenzangu. Mimi ni kocha, nafundisha huku Mukono. Mtu mwenye presha kama yako kaka mwambie kocha kabla hujagusa kitu, na kama hajakuuliza umri, dawa unazotumia na kama kifua kinauma ukipanda ngazi, huyo si wa kumkabidhi mwili wako. Ukiinua kitu toa pumzi, usiibane, maana ukibana presha inapanda ghafla. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya kiasi, na siku mbili au zaidi za kutumia misuli. Ukigawa ni nusu saa siku tano. Kiasi maana yake unaweza kuongea lakini huwezi kuimba.

Alafu maumivu. Yatakuja kesho yake na siku ya pili ndio yanakuwa makali kabisa, utashuka kwenye taksi kinyumenyume. Hayo ya misuli ni ya kawaida yanapita. Maumivu ya kwenye kiungo, au ya kifua, hayo unaacha unakwenda hospitali.

Na usiogope makanyama, hawana habari na wewe, kila mtu yuko na kioo chake.

MamaGonja
Wanaangalia bwana kocha, tusidanganyane. Mi waliniangalia. Wengine walicheka. Tofauti ni kwamba baada ya muda wanazoea na wewe unazoea, na yule mkubwa kuliko wote ndiye alikuja kunirekebisha mgongo bila hata kumwomba. Kitambi nenda saa nne asubuhi ukiweza au saa nane mchana, pamekaa kimya. Saa kumi na mbili asubuhi na jioni watu wakitoka kazini ni vurugu, utasubiri mashine mpaka jasho likauke.

AfandeMstaafu
Bombo hapa. Vijana mimi mchakamchaka nimekimbia miaka na miaka, buti miguuni, wimbo juu, kwa hiyo mtu asinifundishe mazoezi. Shida ni kwamba ukistaafu mchakamchaka unakoma ila sahani inaendelea kuja vile vile. Nilifika kilo 125.

Goti lilikuwa linafura. Bibi mmoja wa fiziotherapia alinikataza kukimbia, akasema ukikimbia goti linabeba uzito wako mara kadhaa kwa kila hatua. Akaniletea kiti cha mbao. Mikono umekunja kifuani, unakaa polepole, unainuka bila kushika kitu. Nikamtazama. Mimi? Kiti? Nikainuka mara sita hivi mapaja yanatetemeka kama ya mtoto wa ng'ombe, na yeye anahesabu tu kwa sauti ya kuruta. Tangu hapo taarifa ya habari ikianza saa moja mimi naanza kiti, wajukuu wanahesabu na wananiibia, wanaruka namba. Jimu nimeenda baadaye sana, misuli ya paja ikiwa tayari. Ukiwa mzito anza na kiti, ni bure.

Binti_OldKampala
Asalaam alaykum. Afande umenichekesha.

Mimi nilijijua siku niliyowapeleka wageni wa Mombasa kupanda mnara wa msikiti mkuu pale Old Kampala. Wale ni watu wazima, shangazi yangu ana miaka sitini na kitu, wanapanda wanapiga soga. Mimi mwenyeji niko nyuma nimeshika ukuta najifanya nafunga kamba ya kiatu. Na nilikuwa nimevaa ndala. Juu kule unaonyeshwa vilima vya Kampala na barabara zilivyosambaa, mi sikuona kilima hata kimoja, natafuta pumzi.

Jimu nilijaribu nikaishia mapokezi. Waliniambia wana saa za wanawake ila muziki, wanaume wanaingia kutoka, mlango wazi, na kocha wa kiume anataka kukushika kiuno akuoneshe. Hapana. Tukawa wanawake watano tumechanga tukamlipa kocha wa kike, uani kwa mmoja wetu, mikeka na chupa za maji zilizojazwa mchanga. Wa tano kati yetu aliacha, wanne tupo. Kwa hiyo kaka jimu si lazima iwe ile yenye vioo, ila wewe umeshalipa, pole, nenda.

VyumaVyaKatwe
Njooni Katwe sisi hatuna kioo wala feni. Vyuma vyetu ni vya magari, gia kubwa na ekseli zimechomelewa hapa hapa kwa mafundi, na vingine ni madebe ya saruji yamepigiwa bomba katikati. Upande mmoja unaweza kuwa mzito kidogo kuliko mwingine so unageuza. Unalipa kwa siku, pesa ya rolex moja au mbili (chapati ya mayai, sio saa). Jamaa mnene akiingia anapewa jina siku hiyo hiyo, mimi nilipewa Lori. Niliumia wiki ya kwanza, sikatai. Lakini siku nilipokosa kuja walinipigia simu, Lori uko wapi, gari imekufa? Jimu ya mjini niliyowahi kulipia hakuna aliyewahi kunitafuta mpaka mwezi ulipoisha.

Mwana_wa_Kyotera
Mbona hakuna anayetaja ndugu? Mimi jimu haikunisumbua, nyumbani ndiko kulikonisumbua.

Nilipungua kutoka 112 mpaka 91, taratibu kabisa. Nikaenda kijijini Krismasi. Mama kanifungulia mlango, badala ya kunisalimu kaniangalia shingo. Mnaojua mnajua. Sisi tuliokulia upande wa Rakai miaka ya 80 na 90 tunajua mtu akipungua maana yake ilikuwa nini, enzi za siriimu, yaani ukimwi, tulizika majirani nyumba kwa nyumba, walimu, madereva, wajomba zangu wawili. Mzazi wa huko akiona shati linamning'inia mwanawe haoni afya.

Basi nikachinjiwa kuku siku hiyo na kesho yake. Senga, yaani shangazi, akamvuta mke wangu jikoni akamuuliza kwa sauti ya chini, mumeo anameza dawa? Mke wangu akasema anaenda jimu. Senga akasema ndiyo, lakini anameza dawa? Mjomba mmoja akanipa pesa mkononi, kaikunja kabisa, "za matibabu." Yaani nilikosa pa kutazama.

Mwisho nikampigia mama simu ya video nikiwa ndani ya jimu, nikamwonyesha mashine, watu, jasho. Akakaa kimya akatazama wee. Halafu akauliza, na hapo unalipa pesa? Nikasema ndiyo. "Unalipa ili uteseke? Njoo nyumbani kuna shamba zima la migomba halijapaliliwa." Tangu siku hiyo haniulizi habari za dawa, ila jembe linanisubiri kila likizo. Kitambi watayarishe mapema, mke kwanza na mama pia, usiwaache wakaone wenyewe.

Binti_OldKampala
Subhanallah. Na mimi mama mkwe aliniuliza kama mumewangu ananinyima chakula.

NiliachaMimi
Kaka umesema walioacha nao waseme, nimefika. Nilikuwa 109. Machi 2020 jimu zikafungwa zote kwa sababu ya korona. Aprili Rais akakataza na wale wa kukimbia makundi makundi barabarani, siku hizo hizo akatoa video yuko ofisini kwake, peku, anazunguka kwenye zulia, kisha anashuka chini anapiga pushapu 30. Miaka 75. Siasa weka pembeni, mke wangu alinionyesha ile video kisha akanitazama tumbo bila kusema neno.

Nikashuka sakafuni. Hata moja haikutoka, tumbo linafika kabla ya kifua. Nikaanzia ukutani, unasimama unausukuma ukuta. Ukuta ukawa mwepesi nikahamia meza, meza ikawa nyepesi nikahamia ngazi ya baraza, hadi siku moja sakafu ikakubali. Jimu zilipofunguliwa nikaona nirudi kufanya nini na pesa yangu? Sasa Jumapili niko na klabu ya jogingi, fulana za sare, firimbi, nyimbo, na nyuma kabisa kuna kundi letu sisi wa kutembea na hakuna anayetufukuza. Wakimaliza wenzangu wengine wanakwenda kula nyama choma na bia, hilo nalo lipo nisiwafiche.

KochaMukono
😂😂 nyama choma ndiyo inalipa kodi zetu. Ila hiyo ya ukuta, meza, ngazi, sakafu iandikeni mahali, ndiyo njia yenyewe. Na mizani pima kwa wiki mara moja sio kila asubuhi, maji na chumvi vinaisogeza kilo moja au mbili bila sababu utajiua na presha bure. Funga kamba kiunoni uweke fundo, mwezi ujao ifunge tena uone fundo limeenda wapi.

Kitambi_Ntinda
Wakuu nimeingia. Saa nane mchana kama mama alivyosema, nimetoroka ofisini. Kulikuwa na watu wanne na mmoja wao amelala kwenye benchi kabisa anakoroma. Kocha kaniuliza presha nikampa karatasi ya klinik, akaniweka kwenye baiskeli ya kukaa, dakika kumi, kisha kiti cha Afande (nilimwomba mwenyewe), kisha ukuta, kisha nikatembea kwenye ile mashine hadi umeme ukakatika na mkanda ukasimama ghafla nikabaki nimeikumbatia. Waliokuwepo wamecheka na yule wa kukoroma kaamka kucheka. Kesho kutwa narudi.

Swali moja tu la haraka. Kile kiti cha baiskeli ni kidogo mno, matako yanauma hadi sasa nimekaa upande. Kinazoeleka au ninunue kitu cha kuwekea juu?

MamaGonja
Kinazoeleka kaka. Wiki mbili hivi.

AfandeMstaafu
Hakizoeleki. Nunua mto.