Watoto wanafukuzwa ufukweni "kutunza mazingira", huku matete yanafyekwa ili meza za bia ziingie

Wakuu, mwangaluka. Moderator, naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa takataka za sokoni, hili ni jambo lingine.

Mtaani kwetu hapa Mwanza kuna kipande cha ufukwe: mawe yetu yale, miti kadhaa na matete. Jumapili watu walikuwa wanashuka na mikeka na watoto, wanakaa kivulini bure. Sasa kuna kibao: WATOTO HAWARUHUSIWI KUCHEZA HAPA, TUNATUNZA MAZINGIRA. Na mlinzi mwenye fimbo. (Msiniletee habari za kichocho, kibao hakijataja kichocho.)

Haya, tutunze. Hatua chache kutoka kwenye kibao hichohicho, matete yamefyekwa kwa panga mpaka kwenye maji, visiki vimechomwa, na juu ya majivu zimepangwa meza za plastiki ili mteja alione ziwa vizuri. Spika zimeelekezwa majini. Pembeni kijana anaosha bodaboda, povu la sabuni ya unga limechanganyika na oili linateremka taratibu ziwani. Huyo hafukuzwi. Bodaboda ni ya mteja.

Hayo mazingira yanayotunzwa ni yapi?

Matete si uchafu jamani. Mji wote huu ni mteremko, mvua ikinyesha tope linashuka kutoka milimani, na matete ndiyo yanalikamata kabla halijafika ziwani. Hapo hapo kwenye maji mafupi ndipo sato dume anachimba kiota chake mchangani. Tunafyeka, halafu tunakuja humu kulia bei ya samaki.

Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kaunta ya pale, ukitema mate yanafika majini.

Najua kuna watakaosema basi pazungushiwe seng'enge, asiingie mtu. Sikubali. Kila penye upepo mzuri jijini pameshawekwa geti. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013, pale kiingilio nakielewa, wanyama wanahitaji ulinzi. Lakini mtoto ambaye mama yake anauza dagaa atamwona wapi furukombe akinyakua samaki? Mtoto akikimbia mchangani hajamuumiza mtu.

Mawe nayo yamepakwa rangi. Yule mjusi dume wa mawe mwenye kichwa cha waridi, ambaye hadi jina lake la kisayansi limebeba Mwanza, siku hizi anaota jua juu ya tangazo la bia.

Ninachodai ni kidogo: upande wa mchanga waachiwe watu, matete yaachwe yaote tena, meza zirudi nyuma, bodaboda zikaoshewe huko juu barabarani. Nimepeleka barua ofisini, naambiwa mhusika yuko kikaoni. Kila nikienda, kikao.

Picha naweka jioni nikipata bando. Kama kuna aliyewahi kufikisha suala la hivi mbele likasikilizwa, anipe utaratibu. Pole zenu sizihitaji.